Ukurasa Upi, Mheshimiwa?

Mwaka juzi nilimpotezea mtu tenda kwa sababu ya nambari 143.

Sikuiba kitu, na sikuvujisha bei kwa washindani wake. Niliandika 143 mara mbili, basi.

Nieleze. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, maana yake ni kwamba kodi ya nyumba nailipa kwa kufanya mambo ambayo si uandishi. Nakaa kwenye saiba moja karibu na Thika Road, meza ya pili kutoka mlangoni. Napanga CV, nachapa barua za kuomba kazi, nanyoosha projekti za wanafunzi, na zaidi ya yote napigia kurasa za tenda nambari. Kazi ya tenda huja usiku. Mtu anaingia saa mbili na bahasha ya kaki, mwisho wa kuwasilisha ni kesho saa tano asubuhi, na ndani ya bahasha mna maisha yake yote: cheti cha usajili wa kampuni, cheti cha ushuru, leseni ya kaunti, taarifa za benki, barua za watu aliowahi kuwafanyia kazi. Naziskani, naziunganisha ziwe PDF moja, kisha naiambia programu iweke nambari kwenye kona ya chini ya kila ukurasa kuanzia 1 hadi mwisho. Naprinti, nafunga, naye anatoka mbio kutafuta boda.

Mteja ninayemzungumzia ni dada wa rika langu. Ana kampuni ya usafi, yaani yeye, binamu yake, na mashine mbili za kusugua sakafu. Alikuwa anaomba tenda ya kusafisha ofisi fulani, mojawapo ya zile zilizotengewa vijana. Kurasa zilikuwa 210. Saa sita usiku, nambari zimeshakaa, akakumbuka barua moja ya mteja wake iliyobaki kwenye simu. Nikaichomeka mahali pake, katikati, na badala ya kurudia kazi yote nikaipa nambari ya ukurasa uliotangulia. 143, 143, 144. Nilikuwa nimechoka na printa ilikuwa imeanza kutafuna karatasi. Nikajiambia, nani atahesabu?

Walihesabu.

Wiki kadhaa baadaye alirudi na barua ya kukataliwa, akitaka nakala yake. Hapakuwa na neno kuhusu bei yake wala kuhusu kazi aliyowahi kufanya. Kosa lilikuwa moja: kurasa za ombi hazikufuatana kwa nambari.

"Si wewe ndio uliweka hizi namba, bro?"

Nikasema ni mimi. Hakupaza sauti. Alilipa bob kumi za fotokopi akaenda. Afadhali angenitukana.

Kwa hivyo haya si maneno ya mtu asiye na hatia. Kosa lilikuwa langu na nimelibeba. Lakini tangu siku ile naziangalia nambari za kurasa jinsi mtu anavyomwangalia mbwa aliyemng'ata, na nimegundua kitu: katika nchi hii, nambari ya ukurasa hudaiwa kutoka chini kwenda juu. Sisi tunadaiwa nambari kwenye kila karatasi tunayowapelekea wakubwa. Wakubwa wakitushushia karatasi zao, hazina nambari, au zina nambari ambazo hazimpeleki mtu popote.

Nianze na upande wao, kwa sababu wana hoja. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, kifungu cha 74, inataka mwombaji tenda apige nambari mfululizo kwenye kurasa zake. Sababu yake ni nzuri. Kila Mkenya ana hadithi ya karatasi iliyonyofolewa au kuchomekwa baada ya bahasha kufunguliwa. Ukurasa wenye nambari hauwezi kutoweka kimyakimya, lazima uache pengo. Mimi niliyechomeka barua usiku wa manane ndiye mtu ambaye kanuni hiyo iliandikwa kumkamata, hata kama nia yangu ilikuwa safi.

Sasa endelea kusoma sheria hiyohiyo. Kifungu cha 78 kinaitaka kamati ya ufunguzi iandike idadi ya kurasa zilizopokelewa kwa kila ombi. Yule dada alikuwepo siku ya kufungua na aliandika kwenye daftari lake: 211. Kifungu cha 79 kinasema ombi halali haliharibiki kwa kasoro ndogo, au kwa makosa yanayoweza kurekebishwa bila kugusa kiini chake. Hesabu ni rahisi. Karatasi 211, nambari ya mwisho 210, tofauti ni karatasi moja, na karatasi hiyo walikuwa nayo mkononi tangu dakika ya kwanza. Ulinzi ulikuwa umeshafanya kazi yake. Hakuna kilichoibwa, hakuna kilichochomekwa baada ya saa tano. Kilichobaki kilikuwa njia ya haraka ya kupunguza rundo la maombi bila kulisoma.

Utasema angekata rufaa. Sheria inampa siku 14 kwenda mbele ya bodi ya mapitio, na mabishano juu ya kurasa zisizo na nambari yamefika huko zaidi ya mara moja. Lakini huko watu huenda na ada na wakili. Mwenye mashine mbili za kusugua sakafu ana wakili wa wapi? Serikali imetenga asilimia 30 ya tenda zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kila hotuba inatukumbusha hivyo. Mlango umeandikwa "Karibuni vijana". Komeo liko kwa ndani.

Kinachoniuma ni kwamba nambari ya ukurasa haikuzaliwa hivi. Vitabu vilipokuwa vinanakiliwa kwa mkono, nambari za kurasa hazikuwa na maana kubwa, kwa sababu kila nakala ilikuwa na kurasa zake. Mwenye mwandiko mkubwa alimaliza hadithi kwenye karatasi mia, mwenye mwandiko wa sisimizi akaimaliza kwenye arobaini. Mashine za uchapaji zilipokuja Ulaya, nakala zikaanza kufanana. Mwaka 1470, mjini Cologne, mchapaji Arnold Therhoernen alitoa kijitabu cha mahubiri chenye nambari kwenye karatasi zake, na kinahesabiwa miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa kuchapwa hivyo. Fikiria faida yake. Mtu wa mji mmoja angeweza kumwandikia mtu wa mji mwingine, "tazama karatasi ya tano", na wote wawili wakatazama mstari mmoja. Nambari ilikuwa zawadi kwa msomaji.

Na hata kabla ya hapo watu walishajua kwamba kuna njia bora kuliko ukurasa. Msahafu wa Lamu na msahafu wa Eastleigh unaweza kuwa wa saizi tofauti na uchapaji tofauti, lakini ukitaja sura na aya, kila mtu anafika. Biblia ni vivyo hivyo: mlango na mstari. Nyanya yangu hajui ukurasa wowote wa Biblia yake na hajawahi kupotea ndani yake.

Halafu, mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani aitwaye Edwin Bates akatengeneza muhuri unaojisogeza wenyewe: ukigonga karatasi ya kwanza unatoa 1, ukigonga ya pili unatoa 2, huna haja ya kuugusa tena. Mawakili na maofisi waliupenda, na mpaka leo programu za PDF huita kazi hiyo kwa jina lake. Sina ubaya na Bates, ndiye ananilisha. Lakini naona kama ni hapo nambari ilipoanza kuhama kutoka mkononi mwa msomaji kwenda mezani kwa karani.

Sasa tuko kwenye simu, na mambo yamezunguka yakarudi kule kwa waandishi wa mkono. Faili la Word lenye kurasa 14 kwenye kompyuta ya saiba linakuwa na kurasa nyingine kabisa kwenye simu yako, kwa sababu simu haina fonti ile na kioo chake ni kidogo. Tumerudi enzi za kila nakala na kurasa zake. PDF ndiyo inayoshikilia ukurasa usitoroke, lakini nayo ina mtego: ina nambari mbili. Moja imechapwa kwenye karatasi, nyingine ni ile programu inahesabu yenyewe kuanzia jalada. Kama kuna jalada, dibaji na yaliyomo, ukurasa uliochapwa 1 unaweza kuwa wa 13 kwenye simu. Gazeti Rasmi la Serikali ndilo balaa kubwa zaidi. Nambari zake huendelea mwaka mzima, toleo hadi toleo, hivyo ukurasa wa kwanza wa faili ulilofungua leo unaweza kuwa umechapwa nambari ya maelfu. Kwa mtu anayefunga matoleo ya mwaka mzima kuwa kitabu kwenye rafu, utaratibu huo una akili. Kwa mtu aliyenunua bandoli ya bob ishirini asome tangazo la ardhi ya babu yake, ni fumbo.

Na dawa ipo. PDF inaruhusu nambari ya programu ilinganishwe na ile iliyochapwa, ili ukiandika 86 ufike 86. Kazi yake ni dakika chache. Mimi huwafanyia wanafunzi kwa bob hamsini.

Tukiwa kwa wanafunzi, acha niseme yangu. Nilifika mwaka wa nne chuoni na sikumaliza. Kilichonitoa ni karo, sitajifanya ni kitu kingine. Lakini mradi wangu wa utafiti ulikuwa umekamilika. Ulihusu jinsi wauzaji wa mitumba Gikomba wanavyokopeshana bila karatasi yoyote, na nilikuwa nimekaa nao miezi minne, mpaka wengine wakaanza kunituma chai. Kurasa 61. Msimamizi wangu aliurudisha mara tatu. Mara ya kwanza: nambari za Kirumi za kurasa za mwanzo ziwe herufi ndogo. Mara ya pili: ukurasa wa jina usionyeshe nambari, ingawa uhesabiwe. Mara ya tatu: sura ya kwanza inaanza na 9, ianze na 1. Hakuna mahali aliponiuliza wale mama wanamjuaje mtu asiyelipa. Hakuna mahali alipoandika, hapa umekosea, au, hapa umenifunza kitu. Nilipofanikiwa kuigawa faili katika sehemu mbili ili nambari zianze upya, mfumo wa chuo ulikuwa umeshanifungia kwa deni. Kwa hivyo maoni ya mwisho ya kitaaluma niliyowahi kupokea maishani yalihusu nambari ya ukurasa. Si ajabu kwamba ndiyo kazi niliyoishia kuifanya.

Sikatai kwamba sura ya kwanza inafaa kuanza na 1. Nakataa kwamba ndicho kitu cha kwanza na cha mwisho ambacho msomi anaweza kukiona kwenye kurasa 61.

Sasa ligeuze jambo lenyewe. Mwaka jana nilienda kwenye kikao cha umma kuhusu bajeti ya kaunti, katika ukumbi wa wadi. Nilienda kwa sababu ya zahanati ya mtaa wetu. Kuta zake zimesimama bila paa tangu nikiwa kidato cha tatu na nilitaka kuona kama imo. Stakabadhi zilikuwa zimetumwa kwa WhatsApp usiku uliotangulia: PDF ya kurasa zaidi ya mia tatu, zote picha zilizoskaniwa, nyingine zimelala ubavu, majedwali yamekatwa pembeni. Kwa kuwa ni picha, huwezi kutafuta neno "zahanati" likaja. Nambari za kurasa zilikuwepo hapa na pale, pale skana ilipozihurumia.

Afisa alisimama mbele na kitabu chake kilichochapwa vizuri, kimefungwa kwa ringi. "Twende ukurasa wa 86," akasema. Ukumbi mzima ukainamia simu. Ukurasa wa 86 wa simu yangu ulikuwa barabara. Wa jirani yangu, aliyepata faili kutoka kundi lingine, ulikuwa karatasi tupu. Mama mmoja nyuma yetu alikuwa bado anangoja faili lifunguke.

Mzee mmoja akainua mkono. "Ukurasa upi, mheshimiwa? Wa kitabu chako ama wa hii simu yangu?"

Watu wakacheka. Afisa naye akacheka, akasema ni ule wenye jedwali la afya, kisha akasema, kwa sababu ya muda, twende 91. Nilipoupata ule wa afya, kikao kilikuwa kimeshafika kwa mifugo. Mwishoni tulitia saini orodha ya waliohudhuria na tukapewa soda. Mahali fulani imeandikwa kwamba wakazi wa wadi yetu walishauriwa.

Katiba, kipengele cha 201, inataka uwazi na uwajibikaji katika fedha za umma, pamoja na ushiriki wa wananchi. Kipengele cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Nauliza: mtu aliyepewa kurasa mia tatu zisizo na nambari amepewa habari, au amepewa mzigo? Mimi nikipeleka tenda ikiwa vile, sijafika hata mapokezi.

Kuna wanaoniambia natetea uzembe. Ati mtu asiyeweza kuhesabu mpaka 211 ataaminiwa vipi na mamilioni ya umma? Swali zuri, na nalirudisha kwa wenyewe: ofisi isiyoweza kuhesabu mpaka 300 kwenye bajeti yake inaaminiwa vipi na mabilioni? Kama nambari ni kipimo cha umakini, kipimo kiwe kimoja. Mimi nikikosea naitwa mzembe na mteja wangu analala njaa. Wao wakikosea inaitwa changamoto ya kiufundi, halafu tunapewa soda.

Wengine wanasema nambari za kurasa ni jambo dogo na nitafute la maana la kuandika. Hawa nawakumbusha Juni 2024. Mswada wa Fedha ulisomwa na vijana wa umri wangu kwenye matatu, kwenye foleni, kitandani. Waliukatakata kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za nyumbani. Iliwezekana kwa sababu moja wapo ndogo sana: vifungu vya mswada vina nambari. Ukisema kifungu fulani, mtu wa Kisumu, wa Mombasa na wa Eldoret wanafungua palepale na kubishana nawe. Hatungeweza kuambiwa hatujausoma, kwa sababu tulikuwa tunataja mahali. Walioingia barabarani mwezi ule walijua wanapinga nini, na baadhi yao hawakurudi nyumbani. Usiniambie nambari ni jambo dogo.

Ninachotaka hakihitaji kamati. Kila stakabadhi ya umma itoke na maandishi yanayoweza kutafutwa, si picha ya karatasi. Nambari iliyochapwa ilingane na nambari ya faili. Na bora zaidi, aya zenyewe zipewe nambari, kama Mahakama ya Juu inavyofanya katika hukumu zake: aya ya 200 ni aya ya 200, uwe na karatasi au na simu iliyopasuka kioo. Kwenye tenda, nambari iliyorukwa au kurudiwa ichukuliwe kama kifungu cha 79 kinavyoruhusu, mtu aitwe, arekebishe, atie saini. Mwaka 2025 serikali ilianza kusukuma ununuzi wote uingie kwenye mfumo wa kielektroniki na mzozo ukafika mahakamani. Sijui nani yuko sahihi katika mengine yote, lakini kompyuta inajua kuhesabu kurasa, na hakuna kijana anayepaswa kuangushwa na kazi ambayo mashine inaimaliza kwa sekunde. Na wahadhiri wetu: soma kwanza, nambari baadaye.

Nasi tuna kazi yetu. Ukitumiwa faili la namna ile, usilisambaze hivyohivyo. Kama una kompyuta, ligeuze, lipige nambari, litume kwenye kundi la mtaa jioni ile ile, ili kesho ukumbini wote mwe na kurasa zilezile. Bajeti ya mwaka huu ikija nitaifanyia kazi hiyo bure, na nitahesabu mara mbili.

Yule dada alirudi mwezi uliopita. Ana tenda nyingine, ndogo zaidi, ya shule. Alikaa pembeni yangu kwenye kiti cha plastiki mpaka saa saba usiku, akiangalia kila nambari ikitoka kwenye printa, akizitaja kwa sauti ya chini. Tulipofika 143 tukatazamana, hakuna aliyecheka. Akaendelea: mia na arobaini na nne, mia na arobaini na tano.

Zahanati bado haina paa. Kikao kijacho nitakaa kiti cha mbele, na kabla afisa hajafungua kitabu chake nitauliza kile alichouliza mzee. Safari hii tukiuliza wengi, hawatapata nafasi ya kucheka.